Unatumia wilchea na unataka kwenda kusoma nje? Anza na karatasi moja, ndo tunavyofanya hapa Tanga

Habari zenu ndugu zangu. Mie natumia wilchea, mzaliwa wa Ngamiani, nilienda kusoma mwaka mmoja Uingereza nikarudi, na tangu nirudi nakaa na vijana wenye ulemavu wanaotaka kwenda nje, iwe digrii au kubadilishana wanafunzi, tunapanga safari mwanzo mwisho. Maswali ni yale yale kila wiki kwa hiyo leo nayaandika yote. Mifano mingi ni ya wilchea na ya Uingereza maana ndo niliyoipitia kwa mwili wangu, ila viziwi na wasioona nao wana sehemu yao humu.

Hatua ya 1: iandike siku yako

Kabla hujajaza fomu yoyote chukua karatasi uandike siku yako moja, toka unapofumbua macho mpaka unapolala, unafanya nini, kwa kifaa gani, nani anakusaidia. Jina la ugonjwa liache kwanza. Wengi wanaandika "nina ulemavu wa miguu" basi, sasa yule wa chuo atajuaje kitanda chako kiwe na urefu gani?

Nilikaa na binti mmoja wa Makorora barazani kwao, mama yake pembeni anachambua mchicha. Nikamuuliza ukiamka unafanya nini, akasema naoga. Mama akadakia, "Anaoga? Namuwekea ndoo mie, namsogezea kigoda, namshika bega akihama." Binti hakuwahi kuuhesabu huo kuwa msaada maana kakua nao. Tukaandika: ndoo, kigoda, mkono begani. Kule ataoga shawa, kwa hiyo ndoo ikafutwa, kigoda kikawa kiti cha kuogea kilichofungwa ukutani na mkono begani ukawa chuma cha kushikilia upande wa kulia, na mtu hahitajiki tena. Mama akaacha mchicha, akauliza, "Yani ataoga mwenyewe?"

Hapohapo pima. Azima futi ya fundi, pima wilchea kutoka ringi ya nje ya kushoto mpaka ya kulia, usipime kiti peke yake, halafu ongeza nafasi ya vidole vyako maana mlango ukibana ndo vinachunika. Pima na urefu wa kitanda unachohamia bila shida, toka sakafuni kwenda juu.

Hatua ya 2: waandikie chuo, na waambie ukweli

Hapa ndo vijana wengi wanaogopa, wanasema wakijua nina ulemavu watanikata. Nawaelewa kabisa. Ila nimeona aliyeficha akafika akapewa chumba cha ghorofa ya pili, muhula ukaanza anatafutiwa kingine. Msimamo wangu ni kwamba ukishapata nafasi usikae hata wiki, tuma ile karatasi. Vyuo vingi vya Uingereza na Marekani vina ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, na hawakufanyii hisani, Uingereza kuna sheria ya usawa, Equality Act ya 2010, Marekani kuna kifungu cha 504 cha Rehabilitation Act ya 1973 na ADA, sheria ya Wamarekani wenye ulemavu ya 1990.

Waulize: kutoka chumbani mpaka darasani ni mita ngapi na kuna kilima? Lifti ikiharibika napita wapi? Ukitokea moto usiku nani ananishusha? Majibu yaje kwa maandishi.

Halafu hela. Uingereza kuna posho ya wanafunzi wenye ulemavu inaitwa DSA, wewe mgeni huipati, ni ya wenyeji, kwa hiyo uliza mapema kama kifaa au msaidizi analipa chuo au mdhamini. Erasmus Mundus, ule ufadhili wa masomo wa Umoja wa Ulaya, wao wana fungu la ziada kwa mahitaji ya ulemavu, liombe. Na shirika la MIUSA (Mobility International USA) la Eugene, Oregon, Marekani, lililoanzishwa 1981, wana miongozo mingi ya mambo haya, isome.

Kiziwi zingatia hili: lugha yetu ya alama siyo ya Waingereza wala ya Wamarekani, na hao wenyewe kwa wenyewe hawafanani, Mwingereza anaandika herufi kwa mikono miwili, Mmarekani kwa mmoja. Ukiletewa mkalimani wa kule siku ya kwanza humwelewi, kwa hiyo omba na maandishi ya papo kwa papo darasani na muda wa kujifunza. Asiyeona omba vitabu vya nakala laini zinazosomeka kwa NVDA (programu ya bure inayosoma skrini), siyo picha za kurasa.

Hatua ya 3: mtihani na makaratasi

IELTS, mtihani wa Kiingereza, ina karatasi za nukta nundu, maandishi makubwa na muda wa ziada, ila lazima uombe kabla. Nukta nundu wape miezi 3. Pasipoti ni shilingi 150,000 na namba ya NIDA uwe nayo. Kwa Uingereza zaidi ya miezi 6 utapimwa kifua kikuu kliniki ya IOM (shirika la uhamiaji) Dar, cheti kinaishi miezi 6 tu usikimbilie, na ukipiga simu ya miadi sema kama huwezi kusimama kwenye eksirei.

Hatua ya 4: ndege

Hapa nakaa kidogo maana ndo niliumia. Kwenye tiketi kuna herufi nne. WCHR ni mtu anayepanda ngazi mwenyewe ila mwendo mrefu hawezi. WCHS ngazi hawezi, ndani ya ndege anatembea mpaka kwenye siti. WCHC hatembei kabisa. Safari yangu ya kwanza aliyenikatia tiketi aliandika WCHR bila kuniuliza, nikafika mlangoni kile kiti chembamba cha kupita katikati ya siti hakipo, wanaume wawili wakanibeba kwapani, gauni limepanda, abiria wote wananitazama. Kwa hiyo zitaje hizo herufi mwenyewe, na uwape taarifa si chini ya saa 48 kabla. Ukishapewa tiketi isome.

Wilchea haihesabiwi kwenye mzigo, sheria za Ulaya na Marekani zinakataza kukutoza. Ya umeme yenye betri ya lithiamu ya kutoa, betri isizidi Wh (wati-saa) 300 na unaingia nayo ndani. Piga picha kila upande mbele ya kaunta. Mto, vikanyagio na chochote kinachochomoka tia kwenye mkoba uingie nao, na kwenye fremu bandika karatasi ya Kiingereza inayoonyesha washike wapi wakinyanyua.

Dar nenda siku mbili kabla. Stendi yetu ya Kange mpaka Dar ni kama kilomita 350, ukikaa kwenye basi zaidi ya saa sita ukaunganisha na ndege usiku huo huo unatafuta vidonda vya kukaa. Safarini kila nusu saa jinyanyue kwa mikono.

Hatua ya 5: begi la mkononi

Dawa zote, mipira ya mkojo (katheta) ya kutosha siku kadhaa za ziada, na barua ya daktari yenye majina halisi ya dawa siyo ya kampuni. Tyubu mbili za tairi lako. Soketi za Uingereza ni kama zetu, ila Marekani umeme ni volti 120, angalia chaja imeandikwa 100-240 au la. Mwenye ualbino beba losheni ya jua, hata kule kiangazi kipo.

Hatua ya 6: ukishuka

Usitoke uwanjani kabla hujaikalia wilchea yako na kuisukuma mbele na nyuma. Kama imepinda ripoti hapohapo kaunta, udai karatasi ya ripoti.

Ukifika chumbani toa ile karatasi yako ya siku. Ingia bafuni mchana na nguo zako, hamia kwenye kiti cha kuogea, shika chuma uone kama kinacheza, fungua dirisha, lala kitandani uinuke. Kila mstari tia tiki. Ambacho hakipo kipige picha uwatumie siku hiyohiyo.