Ugumu wa Raba ya Mpira wa Meza: Namna ya Kuchagua Inayokubaliana na Mkono Wako

Mchezaji anayenunua raba, yaani kile kipande cha mpira kinachobandikwa juu ya ubao wa raketi, kwa mara ya kwanza huuliza maswali mawili: ina kasi gani, na ni bei gani. Swali la ugumu humjia baadaye, fedha zikiwa zimeshatoka, anapoona kwamba mipira aliyozoea kuiweka mezani bila ya kufikiri sasa inaishia wavuni. Nami nilipita njia hiyo. Nilinunua raba ya Kichina yenye kunata, ya ugumu wa namba 40, kwa kuwa niliwaona mabingwa wa China wakichezea raba za namna hiyo, na kwa mwezi mzima katika ukumbi wetu wa mtaani hapa Mombasa sikumshinda mtu. Siku moja mzee ambaye sote humwita Ami aliiomba raketi yangu, akapiga mipira kama kumi, kisha akanirudishia. "Mwanangu," akaniambia, "wewe waupapasa mpira, na raba hii yataka kupigwa."

Ili kuelewa alichokiona, ni lazima kujua kwanza raba imeundwaje. Juu kuna ngozi, ambayo kwa wachezaji wengi ni ile yenye uso nyororo, iliyoelekeza vinundu vyake ndani, na chini ya ngozi kuna sponji. Kanuni za kimataifa haziruhusu unene wa vyote viwili, pamoja na gundi, kuzidi milimita 4. Namba ya ugumu iandikwayo kwenye pakiti kwa kawaida hupima sponji peke yake, kwa kifaa chenye ncha butu kinachoibonyeza na kuonyesha imekubali kuzama kiasi gani. Kwa hiyo raba mbili zenye namba moja zaweza kumpa mchezaji hisia tofauti kabisa, iwapo ngozi ya moja ni nene na vinundu vyake ni vipana na vifupi, na ya nyingine ni nyembamba yenye vinundu vilivyoachana.

Mpira wenyewe una uzito wa gramu 2.7 na kipenyo cha milimita 40, na hukaa juu ya raba kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Muda huo ni mfupi mno hata mkono haupati habari mpaka mpira uwe umeshaondoka. Tunachokiita hisia, basi, ni mtikisiko na sauti inayobaki nyuma, na ni kwa kuisoma hiyo ndipo tunarekebisha pigo linalofuata.

Sponji laini hubonyea hata kwa pigo dogo. Mpira huzama, ngozi huukumbatia, halafu sponji huusukuma nje kana kwamba ni manati. Mwenye pigo fupi au la wastani hupata mzunguko na kasi bila ya kutumia nguvu nyingi, na mkono wake huhisi kila mguso waziwazi. Tatizo huonekana pande mbili. Kwanza, manati hiyo haingoji ruhusa: unapotaka kuurudisha mpira wa kuanzia kwa upole ili udunde mara mbili upande wa mpinzani, unaruka mrefu na kumkaribisha apige. Pili, unapopiga kwa nguvu zako zote, sponji hubonyea hadi mwisho, mpira ukafika karibu na ubao, na kuanzia hapo nguvu unayoiongeza haikupi mzunguko zaidi. Sikio hulitambua jambo hilo kabla ya jicho, kwa kuwa mlio huwa mkavu, wa mbao.

Sponji ngumu hufanya kinyume. Kwa mguso mdogo hailali, hivyo mpira hautoki kwa pupa, na ndiyo maana wachezaji wazoefu huipenda katika mipira mifupi ya karibu na wavu na katika kuzuia mpira mzito. Pigo likiwa na kasi, huendelea kupokea nguvu pale ambapo laini ingekuwa imechoka, na mpira hutoka sawasawa na ulivyoupiga. Hata hivyo, mkono usipokuwa na kasi ya kutosha, ngozi haiushiki mpira vyema, na mpira huteleza au huanguka wavuni. Huko ndiko kupapasa alikokusema Ami.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba raba laini ina udhibiti na ngumu haina. Udhibiti hutegemea ni pigo gani unalolipiga mara nyingi zaidi. Anayeanza, ambaye mapigo yake ni ya wastani, atakuwa na utulivu zaidi kwa raba laini au ya kati. Mwenye pigo refu na la haraka atatulia zaidi kwa ngumu, kwa kuwa laini itampokonya kipimo cha nguvu zake.

Kuhusu namba, kuwa mwangalifu, kwani Wajerumani, Wajapani na Wachina hawapimi kwa kipimo kimoja. Kwa kipimo cha Kijerumani, raba zenye chini ya 43 au hapo huhesabiwa laini, za 43 hadi 47 za kati, na zinazozidi hapo ngumu. Kampuni ya Butterfly ya Japani huiandika raba yake ya Tenergy 05 kuwa 36 na nduguye laini, Tenergy 05 FX, kuwa 32, ilhali Dignics 09C yake ni 44. Nayo Hurricane 3 ya kampuni ya Kichina ya DHS huuzwa kwa namba kama 39, 40 na 41, na hiyo 39 ni ngumu kuliko raba ya Kijerumani iliyoandikwa 45. Nilipoinunua yangu nilidhani 40 ni laini. Kosa langu lilikuwa hapo hapo.

Kabla ya kununua, omba kuchezea raketi za wenzako. Kuibonyeza sponji kwa kidole gumba ubavuni hukupa fununu, lakini jaribio la kweli ni mezani. Anza na mipira kama ishirini ya kusukuma mifupi juu ya wavu, ukihesabu mingapi imetoka mirefu. Ikiwa mingi, raba hiyo ni laini mno au ina manati kuliko unavyohitaji. Kisha mwombe mwenzako avute, yaani aukwangue mpira kutoka chini kwenda juu, mipira yenye mzunguko wa mbele, nawe uzuie tu bila ya kupiga. Mwisho vuta wewe, kwanza kwa nusu ya nguvu, halafu kwa nguvu zote. Sikiliza. Ikiwa nusu ya nguvu inaanguka wavuni na nguvu zote zinaingia vizuri, jiulize kwa ukweli ni mara ngapi katika mechi unapata nafasi ya kupiga kwa nguvu zote. Wengi hugundua kwamba upande wa nyuma wa mkono, ambako pigo ni fupi, wanahitaji raba laini kidogo kuliko upande wa mbele, na hakuna sheria inayokulazimisha kubandika ugumu mmoja pande zote mbili.

Unene nao una neno lake: sponji nyembamba yenye ulaini hubonyea hadi mwisho upesi, na ubao huhisika mapema. Ubao mkakamavu wenye kaboni huvumiliana na raba ya kati au laini, na ubao wa mbao tupu unaonyumbuka huipunguzia raba ngumu ukali wake.

Hapa pwani hali ya hewa huingilia kati. Joto huilainisha sponji, na unyevunyevu huacha utando mwembamba juu ya ngozi na juu ya mpira, hasa jioni zenye unyevu mwingi, ambapo hata leso ya kufutia jasho haikauki. Mpira ukiteleza jioni kama hiyo, usiilaumu namba ya raba. Futa ngozi kwa kitambaa kikavu, ufute na mpira, kisha ujaribu tena. Usiiache raketi ndani ya gari juani. Na usidanganywe na mafuta yanayouzwa kwa ajili ya kuilainisha sponji: tangu gundi zenye viyeyusho, zilizokuwa zikifanya kazi hiyo, zilipopigwa marufuku mwaka 2008 watu wametafuta mbadala, lakini kanuni zinataka raba itumike ilivyotoka kiwandani.

Ukiamua kubadilisha, panda au shuka kwa nyuzi mbili au tatu za kipimo kile kile, upande mmoja kwanza, na uupe mkono wiki kadhaa. Mimi nilirudi kwenye 42 ya Kijerumani pande zote, na baada ya miaka miwili ya kurefusha pigo nikapanda hadi 45 upande wa mbele. Ile 40 ya Kichina aliichukua Ami. Aliibandika kwenye ubao wake wa mbao tupu, akanifunga nayo seti tatu kwa bila siku ile ile.