mvn verify au mvn install: ipi utumie lini

Vijana wanaokuja field kwetu hapa Area D wakitokea Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) hufika na amri moja mkononi ya Maven, chombo cha kujenga miradi ya Java: `mvn clean install`. Wamebadilisha herufi moja, clean install. Wametoka kunywa chai, clean install. Nami huwaambia mapema: mdogo wangu, kazi ya kila siku ni `mvn verify`. Install iwe na sababu.

Hatua za Maven ni kama ngazi. Ukifika juu umeshapita za chini zote: compile, test, package, verify, install, deploy. Ukifika verify, msimbo umekompailiwa, majaribio yamepita, jar (kifurushi cha msimbo uliokompailiwa) imefungwa ndani ya `target`, na kama umeweka programu-jalizi ya Failsafe, yale majaribio mazito ya klasi ambazo majina yake huishia na IT (integration test) yameendeshwa na majibu yake kukaguliwa. Install haiongezi ukaguzi wowote. Inanakili tu jar na pom (faili la maelezo ya mradi) kwenda `~/.m2/repository`, ili miradi mingine ya kompyuta hiyo hiyo iione.

Nakala hiyo ndiyo inayoleta balaa. Tuseme una mradi wa ushirika wa wakulima wa zabibu wa Hombolo, wenye moduli tatu: mizani, malipo na tovuti. Uko kwenye tawi jipya la Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, unabadilisha makato ndani ya malipo, umefika nusu, ukapiga install. Mara mteja anapiga simu, unarudi tawi kuu, `main`, kurekebisha neno moja kwenye tovuti, unaandika:

`mvn -pl tovuti verify`

Hapo umeagiza tovuti peke yake. Malipo haimo kwenye agizo, kwa hiyo Maven 3 inaifuata `~/.m2`, na inayoikuta huko ni ile ya makato ya nusunusu. Git inakuonyesha msimbo safi, majaribio yanakwama, na wewe unachambua mstari kwa mstari faili lisilo na kosa. Afadhali hata yakikwama. Yakipita ni hatari zaidi, maana tovuti imepimwa na malipo ambayo haipo kabisa kwenye tawi lako.

Andika hivi badala yake:

`mvn -pl tovuti -am verify`

Hiyo `-am` inaagiza zijengwe pia moduli zote ambazo tovuti inazitegemea, kutoka kwenye msimbo ulio mbele yako. Inachukua muda kidogo zaidi, lakini majibu yake unaweza kuyaamini.

Ukishuku kuna jar ya zamani, itazame tarehe:

`ls -l ~/.m2/repository/tz/mfano/zabibu/malipo/1.0-SNAPSHOT`

Kisha futa folda ya mradi wako tu, yaani `tz/mfano/zabibu`. Usifute `.m2` nzima kama wanavyoshauriana vijana. Utashusha upya kila maktaba, na bando la wiki litaishia kwenye Spring, ile familia ya maktaba za Java. Baada ya kufuta, ukisahau `-am` Maven itagoma na kusema haioni malipo. Mimi naupenda mgomo huo kuliko jibu la uongo.

Install ina nafasi yake. Ya kwanza ni pale mradi mwingine kabisa, wenye hifadhi yake ya Git, unapotaka kujaribu maktaba yako kabla hujaitoa. Ya pili ni pale unapowasha tovuti kwa `mvn -pl tovuti spring-boot:run`. Hapo ukiongeza `-am`, Maven itajaribu kuendesha amri hiyo hata kwenye mizani na malipo, ambazo hazina cha kuendesha. Basi tanguliza `mvn -pl tovuti -am install -DskipTests`, halafu endesha, na urudie kila unapogusa malipo. Binafsi naendesha kutoka ndani ya IntelliJ, kihariri cha msimbo, ambacho huchukua moduli zilizofunguliwa hapo hapo, yakaisha.

Hiyo `-DskipTests`, inayoruka majaribio, usiipeleke kwenye verify. Unahakikisha nini sasa?

Na `clean`? Nzuri ukifuta au kubadili jina la klasi, kwani mabaki ya zamani huweza kubaki `target`. Siku nyingine iache.

Kwenye seva ya kubildi weka verify pia, hasa kama kazi kadhaa zinatumia `.m2` moja: matawi mawili yenye toleo lile lile la SNAPSHOT (toleo ambalo bado linatengenezwa) yataandikiana juu, na la mwisho kumaliza ndilo litakalobaki.