Juisi nzito ya embe na tangawizi kwa dakika 10

Anayetengeneza juisi ya embe yenye tangawizi kwa mara ya kwanza kwa kawaida hukosea mahali pamoja: humenya kipande cha tangawizi, hukitumbukiza kwenye blenda pamoja na matunda, kisha hushangaa kwamba glasi ya kwanza haina ukali wowote huku ya mwisho ikiwasha koo na kuacha nyuzi katikati ya meno. Tangawizi ina nyuzi ndefu ambazo visu vya blenda ya nyumbani huzikata bila kuzisaga, na maji yake makali, ambayo ndiyo tunayoyataka, hubaki yamenaswa humo. Kwa sababu hiyo maelekezo haya yanaanza na tangawizi, ingawa embe ndilo linalojaza glasi.

Kinywaji chenyewe ni kile ambacho siku hizi mijini huitwa smuthi, yaani juisi nzito isiyochujwa, inayonywewa pamoja na nyama ya tunda. Kwa glasi 2 za mililita 300 hivi, andaa embe kubwa 1 lililoiva, litakalotoa takriban gramu 250 za nyama baada ya kumenywa, ndizi mbivu 1 ya wastani, nusu kikombe cha nanasi lililokatwakatwa, nusu ya ndimu, kipande cha tangawizi mbichi kinacholingana na kidole gumba kuanzia ncha hadi kiungo cha kwanza, chumvi ya kubana kwa ncha za vidole viwili tu, na mililita 150 za maji baridi au za tui jepesi la nazi. Sukari isiwekwe mezani kwanza, maana ikiwepo mkono huenda wenyewe.

Tangawizi nzuri ni ngumu, ngozi yake imejivuta bila mikunjo, na ukiivunja hulia "kata" na kuonyesha unyevu. Iliyokunjamana imeshapoteza maji, na itakupa nyuzi nyingi na ukali usiotulia. Wanaopata tangawizi inayotoka milima ya Same, hasa Mamba Myamba, wanajua kwamba kipande kidogo chake kinatosha sufuria nzima ya chai, kwa hiyo nao wapunguze kipimo. Osha kipande chako, kisha kwangua ngozi kwa ukingo wa kijiko cha chai badala ya kisu, kwa kuwa kijiko hufuata mabonde na vinundu vyake na hakiondoi nyama. Kwaruza tangawizi hiyo kwenye tundu ndogo za kikwaruzo kile cha karoti, ukiielekeza ili nyuzi zikatwe kwa upana wake, au itwange kwenye kinu kidogo kama huna kikwaruzo. Ongeza vijiko 2 vya maji, acha dakika moja, kisha kamua yote kwenye chujio la chai juu ya bakuli dogo, ukibonyeza kwa mgongo wa kijiko hadi makapi yabaki makavu.

Sasa iache bakuli hiyo itulie wakati unamenya matunda. Ukiirudia baada ya dakika chache utaona maji ya rangi ya manjano juu, na chini yake utando mweupe mzito uliojishika kama uji uliopoa. Huo ni wanga wa tangawizi. Hauna madhara, lakini huifanya juisi iwe na ladha ya vumbi, kwa hiyo mimina maji ya juu taratibu na wanga uuache pale pale.

Embe lenye nyama laini isiyo na nyuzi ndilo linalofaa. Dodo na boribo ni chaguo zuri, na kwa walio pwani ya Kenya ngowe halina mpinzani. Yale maembe madogo yenye nyuzi, ambayo mtoto huyafyonza mpaka kokwa linaota ndevu, yaachwe kwa ajili hiyo hiyo ya kufyonzwa. Nusa embe karibu na kikonyo: likiwa halina harufu mahali hapo, halijawa tayari, hata kama rangi yake inakuvutia. Msimu mkubwa katika ukanda wa Pwani ya Tanzania huwa kati ya Novemba na Februari, na huo ndio wakati wa kukata vipande, kuvitandaza kwenye sinia bila kugusana, kuvigandisha, na baadaye kuvikusanya kwenye mfuko mmoja. Vipande vilivyogandishwa namna hiyo hufanya kazi ya barafu bila kuipunguzia juisi uzito. Ndizi nayo igandishwe ikiwa imemenywa, kwani ndizi iliyogandia ndani ya ganda lake ni mtihani kuimenya. Ukilazimika kutumia barafu ya kawaida, iwe imetengenezwa kwa maji yaliyochemshwa, kwa sababu ubaridi hauui vijidudu.

Kuhusu nanasi nina la kueleza kwa urefu kidogo, maana nililipia somo hilo kwa aibu. Ramadhani moja, nikiwa bado mgeni katika nyumba ya wakwe, nilijitolea kutengeneza juisi ya futari. Nilisaga nanasi la Kiwangwa, tamu kupita kiasi, pamoja na maziwa, ikiwa bado saa 9 alasiri, nikaiweka kwenye friji nikijipongeza kwa kuwahi. Ilipoadhiniwa Magharibi, jagi lilikuwa na povu juu na maji chini, na juisi ilikuwa chungu kana kwamba mtu ameitia shubiri. Mama mkwe alimeza funda moja, akasema "Alhamdulillahi", akalisogeza jagi pembeni kwa upole na kuomba maji.

Nanasi ambalo halijapikwa lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, na kazi yake ni kukatakata protini. Kinapokutana na maziwa au mtindi huanza kuzivunja protini zake, na baadhi ya vipande vinavyopatikana ndivyo vyenye ule uchungu. Kadiri mchanganyiko unavyokaa, ndivyo unavyozidi kuharibika. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya cha aina hiyo, na papai pia, hasa lisiloiva sawasawa. Ndiyo maana hapo juu nimetaja maji au tui, wala sikutaja maziwa. Anayeyataka maziwa kwa lazima ana njia mbili: aondoe nanasi na kunywa juisi yake papo hapo, au achemshe vipande vya nanasi kwa dakika 5 na kuvipoza kwanza, kwa sababu moto hukidhoofisha kimeng'enya hicho. Nanasi la kopo limekwisha kupitishwa kwenye joto, kwa hiyo halina tatizo hilo, ingawa harufu yake haifikii nusu ya lile lililokatwa sasa hivi.

Vitu vikiwa tayari, kusaga ni jambo la dakika moja, ila mpangilio ndani ya jagi la blenda una maana yake. Mimina kwanza maji au tui, maji ya ndimu na nusu ya maji ya tangawizi. Ufuatishe nanasi na ndizi. Embe lililoganda au barafu iwe ya mwisho juu. Visu viko chini, na vinahitaji kitu cha majimaji cha kuvuta ili vilivyo juu viteremke vyenyewe. Ukitanguliza barafu, utasikia mota ikilia huku visu vikizunguka ndani ya tundu la hewa, na ukiongeza maji ili kuviokoa utakuwa umeishia na juisi nyepesi. Anza kwa mwendo mdogo kwa sekunde 15, kisha mwendo mkubwa kwa sekunde 40 hivi. Kuzidisha hapo hakuongezi ulaini. Huongeza povu na joto.

Onja, halafu subiri. Ukali wa tangawizi haufiki pamoja na funda kama uchachu wa ndimu unavyofika. Hungoja umeze, ndipo ujitokeze kooni baada ya sekunde kadhaa, na ubaridi huuchelewesha zaidi. Mwenye haraka huongeza tangawizi kabla ile ya kwanza haijasema neno, kisha zote mbili humjia kwa pamoja. Subiri nusu dakika, ndipo uamue kama ile nusu iliyobaki inahitajika. Utamu nao hupungua kinywani kitu kikiwa baridi sana, hivyo kabla ya kukimbilia sukari tia ile chumvi kidogo na uonje tena. Ikiwa bado haitoshi, tende 2 zilizolowekwa na kutolewa kokwa zinatosha kuitengeneza, tena huiongezea uzito.

Tangawizi ya unga itumike pale tu ambapo mbichi haipatikani. Katika kukaushwa, sehemu ya gingeroli, ambayo ndiyo inayoipa tangawizi mbichi ukali wake, hugeuka kuwa shogaoli iliyo kali zaidi, kwa hiyo anza na robo kijiko cha chai, ukiivuruga kwanza katika maji ya moto kidogo ili isielee kama vumbi juu ya juisi. Asiyependa ukali wa kooni anaweza kutumia iliki, nayo huendana na embe na tui la nazi kwa namna ambayo watu wa pwani hawahitaji kuelezwa: pasua punje 3, toa mbegu, zitwange pamoja na chembe chache za sukari ili zisagike vizuri, kwa kuwa blenda huzirusharusha tu ukutani bila kuzivunja. Mdalasini wa unga hukaa vyema na ndizi. Karafuu sipendekezi, punje moja tu ikizidi, embe halionekani tena. Anayeongeza pasheni achuje mbegu kwanza, maana zikisagwa huacha mchanga kinywani na uchungu wa mbali.

Umeme ukikatika kazi haikwami. Ponda embe lililoiva sana kwa mwiko, lipitishe kwenye chujio lenye tundu pana, ponda ndizi kwa uma, kisha changanya na tui, ndimu na maji ya tangawizi ukipiga kwa nguvu. Nanasi liache siku hiyo.

Juisi hii ni ya kunywewa ndani ya saa moja, ingawa iliyobaki inaweza kukaa kwenye friji hadi kesho yake ikiwa haina maziwa, na ikikorogwa tena kabla ya kunywewa. Mwenye kiungulia cha mara kwa mara apunguze tangawizi na ndimu, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari wake kabla ya kuizoea tangawizi nyingi kila siku, na mwenye kisukari akumbuke kwamba glasi moja imebeba karibu nusu embe, nusu ndizi na nanasi juu yake.

Blenda ioshwe mara moja: jaza maji hadi nusu, tia tone la sabuni, izungushe sekunde 20, kisha fungua sehemu ya visu utoe nyuzi zilizojiviringa hapo. Toa na ule mpira wa chini na kuunusa. Kama blenda yako ndiyo hiyo hiyo inayosaga vitunguu saumu vya pilau, harufu hujificha kwenye mpira, na hakuna embe linaloweza kuifunika. Loweka mpira katika maji ya moto yenye ndimu kwa dakika 15, au tenga kabisa jagi moja la matunda na jingine la viungo.