Salamu za Kinorwe: ipi kwa saa ipi

Anayeanza Kinorwe ashike neno moja kwanza: hei. Hutamkwa karibu na "hai", nalo linafaa asubuhi, mchana na usiku, kwa mtoto, kwa daktari na kwa mkuu wa kazi. Kinorwe hakina shikamoo. Mzee wa miaka 80 huambiwa hei na kuitwa kwa jina lake la kwanza, wala haoni amevunjiwa heshima. Ukikwama, rudi kwenye hei.

Salamu zenye wakati wake ndizo zinazowakwaza wengi. God morgen ni ya asubuhi, tangu kuamka hadi kama saa nne. Tamka "gu morn": d ya god haisikiki na g ya morgen humezwa. Ukimwambia mtu god morgen saa saba mchana, atadhani unamtania kwamba ndiyo kwanza ametoka kitandani. Lakini morn tupu ni jambo jingine. Oslo na mashariki ya nchi husemwa saa yoyote, hata jioni, kwa maana ile ile ya hei. Ukisikia morna, yenye a mwishoni, mtu anaaga.

God dag hushika mchana, hadi kama saa kumi na mbili jioni. Ni ya urasmi na ina harufu ya kizamani; vijana huisema kwa nadra. Usiunde god middag kwa kufuata "habari za mchana". Middag ni chakula kikuu cha siku, ambacho familia nyingi hula mapema, saa kumi au kumi na moja jioni, kwa hiyo utasikika unazungumzia mlo.

Kuanzia saa kumi na mbili jioni ni god kveld, "gu kvel". Hii ni ya kukutana. God natt ni ya kuagana tu, mtu anapokwenda kulala. Ukibisha hodi saa nne usiku na mlango ukafunguliwa, sema god kveld au hei. Ukisema god natt, mwenyeji atashangaa mbona unaaga kabla ya kuingia. Ukiondoka, ha det ("ha de") inatosha saa zote.

Fuata saa, usifuate jua. Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwe, jua halizami tangu mwishoni mwa Mei hadi zaidi ya katikati ya Julai, na halichomozi tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Saa tatu usiku ya Juni jua linawaka, na salamu ni god kveld. Saa mbili asubuhi ya Desemba ni giza, na salamu ni god morgen. Kumbuka pia kwamba saa yao huanzia usiku wa manane: 18.00 ni saa kumi na mbili jioni. Na "halv ni" ("ni" ya Kinorwe ni tisa) si saa tisa na nusu yao. Ni nusu kuelekea tisa, yaani 8.30, saa mbili na nusu kwetu. Wengi huchelewa miadi kwa kosa hili.

Baada ya salamu, usianze habari za nyumbani, za watoto, za kazi. Hvordan går det? (mambo yanaendaje?) hujibiwa bra, takk (nzuri, asante), kisha og med deg? (na wewe je?) na mazungumzo yanaendelea. Kwenye basi, wasiojuana hawasalimiani kabisa, na kimya hicho si chuki. Kwenye njia za msituni na milimani mambo hugeuka: kila unayepishana naye mwambie hei hei.

Ijumaa kuanzia mchana watu huagana kwa god helg (wikendi njema). Jibu takk, i like måte (asante, nawe pia). Tarehe 17 Mei, sikukuu ya taifa, husemwa gratulerer med dagen (hongera kwa siku hii), maneno yale yale ya siku ya kuzaliwa.

Ya kujifunza mapema kuliko god dag ni takk for sist, shukrani kwa mara ya mwisho mlipokuwa pamoja. Ulialikwa chakula Jumamosi, na mwenyeji wako mkakutana dukani Jumatano: hei, takk for sist, kabla ya neno jingine lolote. Akikutangulia, jibu i like måte.