Umeachwa na madeni? Soma hili kabla ya kuomba utangazwe muflisi

Talaka niliandikiwa Jumatano. Ijumaa mshahara ukaingia ukiwa umeshaliwa kama kawaida: shilingi 20,260 za sacco zimekatwa kabla sijaugusa. Gari lililonunuliwa kwa mkopo huo, nissan ya abiria ya njia ya Mtwapa, lilikuwa limeondoka na mume. Kitabu cha gari kina jina lake. Fomu ya mkopo ina jina langu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Kisauni. Eda niliikaa kwa mama, na wiki ya pili nikamwambia mjomba, "Mimi nafilisika, yaishe." Mjomba akaniuliza kufilisika ni nini hasa. Sikuwa na jibu. Nilidhani ni kwenda mahakamani, kusema sina, na kurudi nyumbani mwepesi. Haya ninayoandika ni yale niliyoyajua baadaye, kwa sheria za Kenya, na kwa mpangilio ambao ningetamani kuufuata tangu mwanzo.

Anza na daftari. Usianze na wakili, wala na Kadhi. Nilichora safu tano: nani anadai, kiasi gani, nani alitia sahihi, nani alidhamini, na kuna mali gani iliyowekwa rehani. Sacco 610,000. Mikopo minne ya simu 47,300. Chama 30,000. Duka la jirani 8,450. Halafu 120,000 za vipuri ambazo mume alikopa na mimi nikatia sahihi ya udhamini juu ya boneti ya gari, bila hata kusoma. Jumla 815,750. Taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima niliiomba kwa *334#, ndiyo iliyonikumbusha mikopo miwili niliyokuwa nimeisahau. Ripoti ya CRB, yaani shirika linaloweka kumbukumbu za mikopo ya watu, nayo iombe. Una haki ya nakala moja ya bure kila mwaka.

Safu ya tatu ndiyo yenye kazi. Deni humfuata aliyetia sahihi. Mdai hajali nani alikuwa akiliendesha gari, nani ameoa tena, wala nani alimtolea mwenzake lugha chafu. Hata mkiandikiana mbele ya wazee kwamba "deni la gari atalipa baba watoto", karatasi hiyo ni baina yenu wawili. Sacco haikuitia sahihi, na mwisho wa mwezi itakata mshahara wako.

Sisemi karatasi hiyo haina maana. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema madeni yaliyoingiwa kwa manufaa ya ndoa yagawanywe sawa kati ya wanandoa. Sheria hiyohiyo inamruhusu Mwislamu aongozwe na sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa, na huku kwetu mali ya mke ni yake na ya mume ni yake. Kwa hiyo uliza mapema mnafuata njia ipi. Na usitegemee nusu kwa nusu upande wa mali: Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema mgao hutegemea mchango wa kila mmoja, na mchango unathibitishwa. Mimi niliweka hati zangu za mshahara za miaka minne, kila moja ikionyesha makato ya sacco. Hizo ndizo zilizomnyamazisha mume wangu. Machozi hakuyajali.

Halafu kuna safu ambayo wengi hawaichori: unaowadai wewe. Mahari yangu nusu ilikuwa haijalipwa. Mahari iliyobaki ni deni juu ya mume, liandike. Niliona haya kuliandika, lakini niliandika.

Sasa tuje kwenye kufilisika kwenyewe.

Chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, mtu asiyeweza kulipa madeni yake anaweza mwenyewe kuomba Mahakama Kuu imtangaze muflisi. Kadhi hana mamlaka hayo. Yeye ataamua talaka na matunzo, ufilisi ni mlango mwingine. Ombi huambatana na maelezo kamili ya hali yako ya fedha, yaani daftari lile lile likiwa limeapiwa, na hutangazwa gazetini. Ndiyo, gazetini, ambapo mwalimu mkuu na wazazi wa darasa la nne wanaweza kulisoma. Amri ikitolewa, mali zako zinaingia mikononi mwa msimamizi wa ufilisi, naye anawagawia wadai. Unabakishiwa vifaa vya kazi unavyovihitaji, samani za nyumbani, na nguo zako na za wanaokutegemea. Wadai wasio na rehani wanaacha kukuandama mmoja mmoja. Ukienda vizuri unaachiliwa, yaani madeni yanafutwa, baada ya miaka mitatu, ikihesabiwa tangu ulipowasilisha yale maelezo ya fedha. Katika muda huo huwezi kuendesha kampuni bila ruhusa, na kama una ndoto za ubunge, Katiba inakuzuia mpaka uachiliwe.

Wakili niliyemwona mjini alinieleza hayo yote kwa dakika ishirini. Kisha akauliza swali moja: "Wadhamini wako wa sacco ni nani?"

Walikuwa walimu wenzangu watatu. Mmoja alikuwa na miezi kumi tu astaafu.

Hapo ndipo nilipokaa kimya. Muflisi akiachiliwa, anaachiliwa yeye. Mdhamini haachiliwi. Ningetoka mahakamani mwepesi, na mwezi unaofuata sacco ingegeukia akiba za wale watatu, halafu mishahara yao. Tunakunywa chai meza moja saa nne kila siku. Ikiwa deni lako kubwa ni la sacco, anza kufikiria hapa, kwa sababu wadai wengine ni rahisi kuwakimbia kuliko watu walioweka akiba zao kwa ajili yako.

Kuna madeni mengine yasiyofutika kwa kuachiliwa: yaliyotokana na ulaghai, na matunzo yaliyoamriwa na mahakama. Kwa hiyo mume asikutishe kwamba atafilisika ili asilipe chakula cha watoto. Na mdai mwenye rehani, kama benki iliyoshika hati ya nyumba, bado anaweza kuuza. Ila nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya maandishi ya wote wawili. Kama hukuwahi kutia sahihi, hilo ni jambo la kumwambia wakili siku hiyo hiyo.

Mama, Mungu amweke, alikuwa na mpango wake. Nina kiwanja kidogo Mtwapa, futi 40 kwa 80, kina minazi miwili na hakina kingine. "Kiandike jina la kaka yako, wakija wasikione." Tulikuwa jikoni anakuna nazi, na kila alipotua alirudia. Nilimjibu kwamba nitafikiri. Bahati nzuri nilimuuliza wakili kwanza. Mali uliyoigawa bure au kuiuza kwa bei ya kutupa kabla ya kufilisika inaweza kurudishwa na msimamizi, na kuficha mali ni kosa la jinai. Vivyo hivyo kwa wanaotaka kumwachia mwenzao kila kitu kwenye talaka ili wadai wasipate. Siku ikifika, mgao huo utachunguzwa. Kiwanja kikabaki na jina langu.

Kiwanja hicho ndicho kilichonifungia mlango mwingine, ambao kwa wengi ndio unaofaa zaidi. Sheria ina utaratibu wa wasio na mali: kama huna chochote cha kuuzwa, madeni yako yote ni kati ya 100,000 na 4,000,000, hujawahi kufilisika, na kipato hakikuachii hata cha kulipa kidogo kidogo, unaomba kwa Msimamizi Rasmi wa Ufilisi. Madeni hufutwa baada ya miezi 12. Jirani yangu aliyeachwa na mikopo ya simu tupu, bila mdhamini hata mmoja na bila kazi, huyo ningemshika mkono twende. Kuna pia amri ya kulipa kwa awamu, na makubaliano ya hiari na wadai yanayosimamiwa na mtaalamu wa ufilisi. Uliza zote tatu kabla ya kuomba ufilisi kamili. Kama huwezi kumlipa wakili, FIDA, shirika la mawakili wanawake, wana ofisi Mombasa, Nairobi na Kisumu kwa wanawake.

Mimi nilichofanya ni kidogo na hakina fahari. Niliiandikia barua kamati ya mikopo ya sacco, nikaambatanisha hati ya talaka na daftari, nikaomba miezi 36 iliyobaki iwe 60. Makato yakashuka kutoka 20,260 hadi karibu 13,570. Kwa muda wote nitalipa riba zaidi ya kama 85,000, najua, na toba ya riba ni kati yangu na Mola wangu. Lakini sasa mshahara unafika nyumbani. Mikopo ya simu nilimaliza midogo kwanza. Wale wanaopigia simu ndugu zako wote kukuaibisha wanavunja kanuni za 2022 za Benki Kuu kuhusu mikopo ya kidijitali. Hifadhi jumbe zao.

Mbele ya Kadhi, mume alikubali 7,000 kila mwezi kwa ajili ya gari, mbali na matunzo. Nilidai zitumwe kwa M-Pesa, si mkononi, ziache alama. Na hapa niliungua: mwezi wa kwanza zilitumwa kwenye laini yenye deni la simu, zikamezwa zote kabla sijafungua ujumbe. Toa laini safi.

Kama barua ya madai rasmi ya ufilisi imekufikia tayari kutoka kwa mdai, acha kusoma hapa uende. Una siku 21 za kulipa, kupatana au kuipinga, na zikipita anaweza kukuombea ufilisi yeye mwenyewe. Wengine wote, siku ya kwanza ya kutoka nyumbani beba kitambulisho, hati tatu za mshahara, taarifa ya M-Pesa, barua zote za wadai hata zile hukuzifungua, na daftari. Toa nakala mbili za barua yako. Moja waachie, nyingine wakugongee mhuri na tarehe, urudi nayo.