SOMO: Kuosha magari bila kumwaga oili mtaroni (na kibali chake)

Swali la jinsi ya kuosha magari bila oili kufika mtaroni nimelijibu mara nyingi mno, hata kwa simu usiku. Naliandika lote hapa, atakayeuliza tena namtumia linki. Ni kwa wenye gereji na sehemu za kuoshea magari Dar, hasa sisi ambao mitaro yetu inaishia Mto Msimbazi.

1. Pima umbali. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinalinda mita 60 kutoka mto, bwawa au ufukwe. Ukiwa ndani ya hizo, tafuta eneo lingine.

2. Sakafu ya zege, mteremko upande mmoja.

3. Bomba la majitaka la DAWASA (mamlaka ya maji na majitaka ya Dar) likipita jirani, omba kuunganishwa. Chemba, yaani shimo la kutenganisha mafuta na maji, utaihitaji bado.

4. Chemba ya vyumba vitatu. Hapa ndipo nilipoharibu. Cha kwanza kinatuamisha mchanga na tope, cha pili kinashika mafuta, cha tatu ni cha kuchukulia sampuli. Mafuta huelea, kwa hiyo maji lazima yatokee chini. Fundi wangu alitoboa tundu juu ya ukuta, nami nikanyamaza kwa sababu maji yalipita vizuri. Yalipita na mafuta yake. Weka elbo (kiungo cha bomba chenye kona) iliyoinamishwa, mdomo uzame hadi karibu nusu ya kina. Kosa la pili lilikuwa baya zaidi: gata la paa niliingiza humo humo. Masika ilipoanza, mvua ya saa moja ilisukuma tope la miezi mitatu hadi mtaroni. Asubuhi niliufuata mtaro kwa miguu, nikamkuta mama anamwagilia mchicha. Ndoo yake ilikuwa na utando wa rangi rangi juu. Aliusukuma pembeni kwa kiganja, akaendelea kumwagilia.

ANGALIZO: maji ya mvua yapite njia yake. Ezeka sehemu ya kuoshea, izungushie tuta la zege. Mvua ikishapita kwenye oili yako, hayo ni majitaka yako.

ANGALIZO: sabuni kali huvunja mafuta kuwa chembe ndogo zisizoelea. Hapo hata chemba nzuri inashindwa.

5. Sampuli maabara. Mafuta na grisi yasizidi miligramu 10 kwa lita, BOD (kipimo cha oksijeni inayotumika kuozesha uchafu ndani ya maji) isizidi miligramu 30 kwa lita.

6. Omba kibali cha kutiririsha majitaka kwa bodi ya maji ya bonde lako. Dar ni Wami/Ruvu. Kinatolewa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Kibali kina masharti ya kiasi na ubora, kwa hiyo kisome chote.

7. Zoa chemba, andika tarehe daftarini. Oili chafu mpe mwenye kibali cha taka hatarishi.

MASWALI

Mdau wa Tabata: Mkuu, nikiongeza maji safi kabla ya kuchukua sampuli si itapita?
Jibu: Hapana. Oili inayoingia mtoni ni ile ile.

Mdau wa Tabata: Na nikifungulia usiku mvua ikinyesha, nani ataona?
Jibu: Rudia namba 4. Kuna watu wanakula kutoka kwenye maji hayo.

Kijana wa Kinyerezi: Shikamoo mkuu. Naosha bodaboda tu. Nitajuaje chumba cha pili kimejaa mafuta?
Jibu: Marahaba mdogo wangu, umeuliza la maana. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uzamishe wima polepole, ziba juu kwa kidole gumba, unyanyue. Utaona mafuta juu na maji chini. Pima kwa rula kila Jumamosi, uandike. Baada ya mwezi utajua mwenyewe yanaongezeka kwa kasi gani. Na bodaboda zina grisi nyingi ya mnyororo, ifute kwa kitambaa kabla ya kumwagia maji.

Dada wa Mwanza: Huku kwetu tunaenda wapi?
Jibu: Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, dada. Nchi ina mabonde 9.

Mzee wa Mbezi: Mimi maji ya gata nakinga kwenye simtanki, naoshea matairi.
Jibu: Safi sana mzee wangu. Mvua ya kwanza iache ipite, inabeba vumbi la paa. Bomba la kufurikia umelielekeza wapi?

Mzee wa Mbezi: Kwenye chemba.
Jibu: Ligeuze wiki hii mzee, kabla ya vuli. Ukikwama nitumie picha, tutaangalia pamoja.