Neno "bank" la Kiingereza: namna ya kujua ni lipi

Mwanafunzi wa Bukavu akipewa sentensi "He sat on the bank and fished", mara nyingi huandika kwamba mtu aliketi banki akavua samaki. Anakosea kwa sababu anadhani neno ni moja. Ni maneno matatu, kila moja na njia yake ya kuingia Kiingereza. Wewe unayejua Kifaransa una chujio tayari: jiulize, hapa ni banque, rive au banc?

La pesa lilianzia Italia. Banca ilikuwa meza ya mbadilisha fedha. Jina likapita Kifaransa, likafika Uingereza karne ya 15. Meza hiyo bado tunaiona barabarani: mtu ameketi, mafungu ya faranga yamefungwa raba mbele yake, anangoja mwenye dola. Humo ndimo zilimotoka blood bank na power bank, maana kitu kinawekwa akiba. Bankrupt nayo ni banca rotta, meza iliyovunjika. "I bank on you" ni nakutegemea.

La mto, yaani ukingo, lilitokana na lugha za Skandinavia. Chungulia kineno kilichotangulia: pesa ziko in the bank, mtu yuko at the bank, lakini mvuvi ameketi on the bank.

Right bank na left bank, yaani ukingo wa kulia na wa kushoto, huwasumbua wengi. Usipime kwa ramani. Geuza uso kule maji yanakokwenda. Ruzizi hutoka Ziwa Kivu kwenda Tanganyika, kwa hiyo Bukavu iko right bank na Rwanda left bank, ingawa kwenye ramani Bukavu inaonekana kushoto. Na kwa ziwa lenyewe usiseme bank, sema shore.

Ukingo huinuka na kuinama, ndiyo sababu ndege inayolala ubavu ikikata kona is banking. Na to bank the fire ni kufunika makala kwa majivu kwenye babula (jiko la makaa) ili moto ukae hadi asubuhi.

La tatu ni la safu, kutoka banc, benchi la wapiga makasia: a bank of switches. Hukutana nalo kwa nadra.

Ukifungua kamusi, tazama namba ndogo iliyo kando ya neno: bank 1, bank 2, bank 3. Katika baadhi ya kamusi namba hizo hutenganisha asili. Maana zilizozaliwa na asili moja hupangwa chini ya namba moja. Usiishie kwenye namba ya kwanza.